Spika Ukutani: Chumba Kidogo cha Pwani na Sauti Nene

Apitaye Ngamiani, Tanga, wakati wa jioni husikia besi kabla ya kuusikia wimbo. Kutoka nyumba ya tatu au ya nne hufika mvumo mzito usio na maneno, na mpaka mtu akaribie dirisha ndipo sauti ya mwimbaji hutokea. Ndani ya chumba chenyewe hali haipishani sana na hiyo. Mwenye chumba amenunua spika mbili kwa fedha nyingi, amezitundika juu kabisa pembeni ili watoto wasizifikie, na sasa analalamika kwamba maneno ya taarabu hayasikiki. Huzilaumu spika. Mara nyingi kosa si lao. Spika ikishatundikwa, ukuta nao huwa sehemu ya spika, na mnunuzi hakuuhesabu.

Tanga ni mji wenye haki ya kulijali jambo hili. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club ilileta magitaa ya umeme na besi katika taarabu, na wakati huo huo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa zikichezesha watu wa mji huo huo. Nyuzi nne za gitaa la besi, zikipigwa wazi, hutetema mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Mwanafunzi aziandike tarakimu hizi pembeni, maana zitarudi.

Sasa na tupime chumba. Katika nyumba za kale za mawe, kama zile za Pangani, upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba bali na boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo zilifaa kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 tu. Nyumba za Ngamiani, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, hazitofautiani sana: futi kumi kwa kumi ni kipimo cha kawaida, yaani kama mita 3. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi, sauti husafiri mita 349 kwa sekunde (331, kisha 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto). Baina ya kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3, wimbi lenye urefu wa mita 6 huenda na kurudi likajikuta liko sambamba na lile linalofuata, nalo huongezewa nguvu kama pembea inayosukumwa kwa wakati wake. Gawanya 349 kwa 6: jawabu ni mitetemo 58 kwa sekunde. Ni jirani kabisa wa uzi wa 55. Kila mpigaji anapogusa noti za hapo, chumba chote huitikia, na noti hiyo moja huzifunika nyingine. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana huita tarakimu ile ile na kosa huongezeka. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina nafuu: kimoja huita 58, kingine 48.

Wimbi hili lina nguvu ya kusukuma hewa zaidi ukutani, na zaidi ya hapo pembeni. Katikati ya chumba hufifia. Ndiyo maana aliyelala kitandani, kichwa karibu na ukuta, huona besi imezidi, na mgeni aliyeketi katikati akasema haisikiki. Wote wawili ni wakweli.

Kuna jambo la pili. Sauti nene haielekei upande mmoja kama mwanga wa tochi, bali huenea pande zote. Spika ikiegemezwa ukutani, sauti iliyokusudia kwenda nyuma hurudishwa mbele, na besi huweza kuongezeka kwa desibeli zipatazo 6. Pembeni, ambako kuta mbili hukutana na dari, ongezeko hujirudia. Lakini spika ikisimama mbali kidogo na ukuta, sauti iliyorudi huchelewa na huweza kuifuta ile iliyotangulia. Kwa umbali wa sentimeta 60, ufutaji huangukia kwenye mitetemo 145 hivi (349 kugawanywa kwa mara nne ya umbali), na hapo ndipo ilipo sauti ya mwanamume. Mhandisi Mmarekani Roy Allison alilieleza suala hili la kuta kwa vipimo mwaka 1974. Kwa hiyo kutundika spika si njia ya kuokoa nafasi tu; kukifanywa sawasawa, huondoa kasoro ambayo spika ya kusimama sakafuni haiwezi kuikwepa katika chumba kidogo.

Anayechagua atafute sanduku la kina kifupi, sentimeta 15 au 20, lililofungwa pande zote. Masanduku mengi yana tundu la kutolea besi. Likiwa nyuma, sanduku hilo halifai kubanwa ukutani. Koni ya sentimeta 13 hadi 16 yatosha. Kubwa zaidi ya hapo huleta besi ambayo chumba kimekwisha kuitoa bure. Spika itundikwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, au ikibidi kuwa juu iinamishwe, kwa kuwa sauti nyembamba, zenye herufi kama s na sh, husafiri kwa kunyooka. Isikae pembeni.

Nyumba za mawe zina kishawishi chake: kidaka. Spika ikiingizwa ndani ya kidaka kitupu, huvuma kama mtu anayesemea mtungini. Walakini uso wa sanduku ukiwa sawa na uso wa ukuta, na nafasi zote za kando zikajazwa sufi, mahali hapo huwa bora kuliko pote chumbani. Tena ukuta wa chokaa na matumbawe haupendi kutobolewa. Skrubu hulegea na chokaa humomonyoka.

Watu huuliza kwanza wati. Tarakimu kubwa zinazoandikwa kwa wino wa dhahabu juu ya redio za bei nafuu hazina maana nyingi, kwani kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio huhitaji kama 10 ili lione sauti imekuwa maradufu. Kwa futi kumi kwa kumi, wati 10 za kweli ni nyingi. Swali lenye faida zaidi huku pwani ni ukingo wa koni umetengenezwa kwa nini. Ukingo wa sponji huoza kwa unyevu na kumeguka ukiguswa kwa kidole. Wa mpira hudumu. Anayenunua spika iliyokwisha tumika aguse kwanza, ndipo aulize bei.

Mwangwi nao una dawa yake. Wallace Sabine, aliyeanza kazi hii katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895 kwa kubeba matakia ya viti, alipata kanuni ambayo kidato chochote chaweza kuitumia: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.16, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti. Chumba kitupu cha mita 3 kila upande, chenye kuta za plasta na sakafu ya saruji, kina eneo la mita za mraba 54; likinyonya asilimia 3 tu, sauti hukaa sekunde 2.7 kabla ya kufa. Godoro, pazia, na nguo zilizotundikwa vikiongeza unyonyaji wa mita za mraba 4, muda hushuka chini ya sekunde moja. Maneno hurudi. Besi haijali godoro.

Wala haijali kiambaza. Katika nyumba nyingi za kupanga zisizo na dari, ukuta unaotenga vyumba haufiki kwenye bati, na sauti hupita juu yake bila kubisha hodi. Ikiwa kuta ni za miti na udongo, besi hupenya hata humo. Mpangaji wa chumba cha pili, mwenye mtoto mchanga au mtihani wa kesho, hapati wimbo. Hupata ile noti moja tu, usiku kucha, kutoka spika iliyotundikwa pembeni wakati ingeweza kushushwa mita moja na kusogezwa katikati ya ukuta.