VEGF, Protini Inayoita Damu

Je, wajua kwamba uvimbe wa saratani usio na mishipa yake ya damu hukwama kwenye milimita moja au mbili? Oksijeni haiendi mbali ikishatoka mshipani. Seli zilizo ndani hukosa hewa na kufa. Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, alilisema hilo mwaka 1971, na wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1989 maabara ya Napoleone Ferrara huko California ikaitenga protini inayohusika: VEGF. Seli iliyokosa hewa huitoa, nayo mishipa ya jirani huchipuza matawi kuielekea.

Kipimo chake hakina mchezo. Mwaka 1996 ilionekana kwamba kiinitete cha panya chenye nakala moja tu ya jeni ya VEGF, badala ya mbili, hufa kabla ya kuzaliwa. Jeni nyingi huvumilia upungufu wa namna hiyo. Hii haivumilii.

Swali likaja lenyewe: je, anayerithi jeni inayotoa VEGF kidogo huikwepa saratani ya matiti? Kwa binadamu jeni hiyo imo katika kromosomu ya 6, na katika sehemu moja yake, iitwayo 936, wengi wana herufi ya DNA C, wachache T. Mwaka 2003 watafiti wa Austria walilinganisha wagonjwa 500 na wanawake 500 wazima. T ilikuwa adimu zaidi kwa wagonjwa, na wachache waliopimwa damu walionyesha kuwa wenye T wana VEGF pungufu. Habari tamu, ila tafiti zilizofuata zilipishana, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Mwanamke mwenye hitilafu katika jeni ya BRCA1, inayoongeza sana hatari ya saratani hiyo, ana sababu ya kwenda kupimwa. Kwa herufi hii, sioni sababu ya mtu kutoa hata shilingi.

Tena uvimbe hautegemei mwito mmoja. Una protini nyingine za kuita mishipa, VEGF ikizibwa hugeukia hizo. Marekani iliiruhusu bevacizumab, dawa inayoinasa VEGF, kwa saratani ya matiti mwaka 2008, ikaifuta ruhusa hiyo 2011: ilichelewesha ugonjwa, maisha hayakurefuka. Dawa za jamii hiyo zimefana zaidi jichoni, ambako sindano huzuia mishipa inayovuja isiwapofushe wazee na wenye kisukari.