Sona za Watshokwe: sheria ya mukono na hadisi ya muzee

Hapa Mutoshi, kando ya Kolwezi, wamo wakristu waliotoka pande za Dilolo na Sandoa kutafuta kazi ya shaba na kobalti, na kati yao wako Watshokwe. Wasomaji wengi wanajua vinyago vyao. Lakini pengine hawajui sanaa yao nyingine, ile ya kuandika juu ya muchanga: inaitwa lusona, na wingi wake ni sona. Tumeona vema kuifasiria katika kurasa hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndani yake mna elimu ya kweli ya hesabu. Ya pili, sanaa hii inapotea, na padri au katekista anaweza kusaidia isipotee yote.

I. Lusona ni nini?

Saa ya mapumziko, muzee anasawazisha muchanga kwa kiganja. Kiisha anatia nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, na nafasi sawasawa kati ya nukta na nukta. Ndipo anapiga mustari kwa kidole kimoja, ukizizunguka nukta zote, na wakati uleule anasimulia hadisi. Kidole hakina ruhusa ya kusimama. Mwenye kusitasita, watu wanamucheka kimya-kimya.

Vijana walijifunza sona nyepesi katika mukanda, yaani kambi ya kutahiriwa. Zile ngumu zilikuwa mali ya wajuzi wachache, akwa kuta sona, nao waliwarizisha wana wao. Sanaa hii inajulikana vilevile katika Angola na Zambia. Waluchazi, majirani zao, wanaiita tusona.

II. Sheria iliyomo

Musizani kwamba muzee anashika kichwani kila pindo la mustari. Anashika mambo mawili tu: hesabu ya nukta, na sheria ya kupita. Tufanye mufano kwa lusona yenye umbo la mukeka. Tutie safu 2 za kulala, kila safu nukta 3. Tuzifunge kwa fikra ndani ya sanduku, na kuta za sanduku ziwe nusu-nafasi inje ya nukta za kando. Tuanze kwenye ukuta wa chini, mbele ya nukta ya kwanza. Mustari unakwenda mushazari, unapita katikati ya nukta jirani, unafika ukutani, unarudi sawa na mupira uliopigwa. Mwisho unafika tena pale ulipoanza, na nukta zote 6 zimezungukwa kwa mustari mumoja.

Lakini tutie safu 2 za nukta 2: mustari unarudi mapema, na lazima kuanza wa pili. Safu 4 za nukta 6 zinataka mistari 2. Safu 3 za nukta 6, mistari 3. Safu 5 za nukta 6, mumoja tu. Sheria ni hii: hesabu ya mistari ni ile hesabu kubwa kupita zote inayogawanya safu, na nukta za kila safu, bila kubakiza kitu. Mugriki Euclid alifundisha namna ya kuitafuta hesabu hiyo zaidi ya miaka 2.200 iliyopita, na wanafunzi wetu wanaisoma shuleni. Wazee walipenda zaidi mustari mumoja, basi iliwapasa kujua ni hesabu gani zinazopatana na ni zipi zinazokataa.

Utaratibu wa namna hii, hatua kwa hatua, wenye elimu wanauita algoritimu.

III. Kutoka muchanga mpaka mashini

Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952, akafundisha Mozambiki miaka mingi na kufa mwaka 2014, alichungua sona kwa uvumilivu mukubwa. Aliona jambo jingine. Tuzungushie kila nukta vikaro 4 vidogo: nukta zetu 6 zinatoa vikaro 24, na mustari unapita katika kila kikaro mara moja tu. Tuufuate sasa kwa rangi: kikaro cha kwanza cheusi, cha pili cheupe, cha tatu cheusi, hivyo mpaka mwisho. Tazama: 12 ni vyeusi na 12 ni vyeupe. Tena katika kila safu ya kulala mna 3 vyeusi na 3 vyeupe, na katika kila safu ya kusimama 2 na 2. Hakuna aliyepanga usawa huo kikaro kwa kikaro. Umetoka katika sheria yenyewe. Gerdes aliyapa mapambo hayo jina la Lunda. Kipande kimoja kikirudiwa kando kwa kando, juu na chini, kinajaza sakafu nzima bila pengo, kama makaro ya kanisa.

Leo ordinatere inapewa hesabu mbili na sheria moja, na mara moja inachora lusona ya safu mia. Vijana wetu wenye kupenda mashini wajue basi kwamba kazi hiyo si ngeni katika inchi yao. Babu zao waliifanya kwa kidole.

IV. Hadisi

Lakini mashini haisimulii. Iko lusona moja ya Watshokwe ambamo juu yuko Kalunga, Mungu. Kushoto jua, kulia mwezi, chini mutu. Na kati yao njia. Jua lilikwenda kumusalimu Kalunga, likapewa jogoo, na kuambiwa lirudi kuonana naye asubuhi. Jogoo akawika, jua likafika. Kalunga akaliachia jogoo, akaliamuru kurudi kila siku. Mwezi ukafanya vilevile, nao unarudi kila siku 28. Mutu naye alikuwa na njaa kwa urefu wa safari: akamula jogoo, akalala mpaka jua likawa juu. Kalunga akamwambia: umemuua jogoo, basi nawe utakufa kama yeye, lakini utakapokufa, utarudi kwangu.

Katekista asiigeuze hadisi hii kuwa kitabu cha Mwanzo. Lakini anaweza kuanzia hapo: wazee walijua kwamba mutu anakufa kwa kosa, na kwamba njia yake inarudi kwa Mungu. Kiisha awahubiri Kristu Mufufuka, aliye mwenyewe Njia.

V. Kazi yetu

Wengine watasema: sona zilifundishwa katika mukanda, na mukanda ulikuwa na mambo yasiyopatana na imani. Ni kweli kwamba si yote ya kupokewa. Lakini Mutaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulisema kwamba Eklezya haikujichagulia aina moja ya sanaa kuwa yake. Na mwaka 1965 ulizitaka Eklezya changa kutwaa yaliyo mema katika desturi na hekima ya watu wao. Anayetupa yote pamoja anatupa na mbegu.

Mwezi wa Desemba 2023 UNESCO iliandika sona katika orodha ya urizi wa wanadamu, kwa ombi la Angola. Upande wetu wa mupaka vilevile wako wazee wanaozijua, na kila mwaka tunawazika. Basi katekista anayemujua muzee wa namna hiyo amwendee kwa heshima, amwombe ruhusa, aandike hesabu ya nukta, njia ya mustari na hadisi yote kwa luga ya muzee mwenyewe. Museminari anayerudi kwao wakati wa konje afanye hivyohivyo. Na kabla ya kutia lusona juu ya ukuta wa kanisa au kitambaa cha altare, tuulize kwanza inasema nini. Mustari ukifutika, mwenye kujua hesabu anaweza kuutafuta tena. Hadisi ikizikwa na muzee, hakuna hesabu itakayoirudisha.