Kadi za benki zenye zawadi: nani anayelipia pointi zako?

 

Ndugu msomaji, kuna miji yetu ambayo hadi juzi ilijua fedha taslimu peke yake, na leo inajua kadi. Karatu ni mfano ulio wazi. Mji huu umelala kando ya barabara itokayo Makuyuni kuelekea lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Humo wanaishi madereva wa watalii, wapishi na wahudumu wa hoteli, wauza vinyago na wafanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola. Mtu mwenye mshahara unaopitia benki huko haachi kufikiwa na maneno matamu: chukua kadi hii, kila ununuapo unapata pointi, chukua na ile, utapata punguzo la tiketi ya ndege. Ndipo baba na mama wanapokaa jioni na kuulizana: je, tuchukue? Tuchukue ngapi? Na hukumu yake ni ipi?

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Iko kadi inayotoa fedha zako mwenyewe zilizomo katika akaunti. Ukiwa na laki mbili, huwezi kununua kitu cha laki tatu. Na iko kadi ya mkopo, ambayo benki humlipa muuzaji kwa niaba yako, kisha hukudai mwisho wa mwezi. Zote ni plastiki, zote zina nembo ileile ya Visa au Mastercard, na zote huingizwa katika mashine ileile. Lakini mikataba yake ni mbalimbali kama ndoa na uchumba.

Wanachuoni hawakuiacha kadhia hii bila kuitafiti. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwezi Septemba 2000, ilipitisha azimio nambari 108. Kwa muhtasari wa maana yake, haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo isiyo na fedha nyuma yake ikiwa mkataba umeshurutisha nyongeza ya riba, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya siku alizopewa. Ama ada ya kutolewa kadi au kuihuisha, iliyo ya kiwango maalumu kwa huduma halisi, hiyo inajuzu. Vilevile yajuzu benki kuchukua kamisheni kwa muuzaji. Kutoa fedha taslimu kwa kadi hiyo kumehesabiwa kuwa ni kukopa, na ada yake isiwe asilimia ya kiasi kilichotolewa.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hudhani kwamba ubaya umo katika pointi. Sivyo. Katika kadi ya mkopo mkopeshaji ni benki na mkopaji ni wewe, na riba ni ziada anayoitoa mkopaji kumpa mkopeshaji. Pointi inakwenda njia ya kinyume, kutoka kwa anayedai kwenda kwa anayedaiwa. Kwa hiyo pointi peke yake si riba. Lililo zito ni sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa nyuma, ambalo umelitia saini hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Anayesema “mimi hulipa kwa wakati, basi sina neno” amejibu swali la mfuko wake, hajajibu swali la mkataba wake.

Ajabu ni kuwa kadi ya akaunti, ambayo watu huiona salama kabisa, ndiyo yenye suala la zawadi. Wanachuoni wengi wa zama hizi huihesabu akaunti ya kawaida kuwa ni mkopo uliowapa benki. Basi benki ikikupa zawadi kwa sababu tu umeacha fedha kwao, mdaiwa anampa zawadi mdai wake. Abdullah bin Salaam (R.A.) alimtahadharisha Abu Burda juu ya zawadi ya namna hiyo, hata ikiwa mzigo wa majani ya kulisha mnyama, na habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Ama zawadi inayotokana na matumizi ya kadi, ikilipwa kutoka katika kamisheni ya muuzaji, wengi wameiona nyepesi zaidi, nami naelekea huko. Lakini uliza: napewa hiki kwa kununua, au kwa kuweka?

Tuitazame sasa hiyo kamisheni, maana ndiyo kisima cha pointi. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili mwaka 1981, na mwaka 1987 ukaunganishwa na kadi ya Citibank. Tangu hapo mtindo umeenea duniani. Mgeni kutoka Chicago anafika Karatu na kununua kinyago cha shilingi 300,000 kwa kadi. Tuseme kamisheni ni asilimia 3. Muuzaji hapokei 300,000, hupokea 291,000. Ile 9,000 hugawanywa kati ya benki na mtandao wa kadi, na sehemu yake humrudia mgeni kwa jina la zawadi. Muuzaji hujihami kwa kupandisha bei, na bei hiyo huilipa pia jirani yake anayenunua kwa noti. Pointi haidondoki kutoka mbinguni, ndugu yangu.

Sasa tuje kwa dereva wetu. Kipato chake hakina umbo la mwezi. Kuanzia Juni hadi Oktoba magari yanashuka kreta kila alfajiri, na bakshishi zinapatikana. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, gari limepaki. Kadi ya mkopo haijui masika. Tuseme familia inatumia shilingi 600,000 kwa mwezi na kurudishiwa asilimia 1: ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Toa ada ya mwaka, tuseme 60,000, imebaki 12,000. Akichelewa mwezi mmoja tu wa masika, kwa nyongeza ya asilimia 3 juu ya deni la 600,000, ni 18,000. Zawadi yote imekwenda, na amepungukiwa 6,000 juu yake. Na huo ni mwaka mzuri. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii takriban milioni 1.5, mwaka 2020, kwa janga la UVIKO-19, walishuka hadi takriban 620,000. Aliyekuwa na kadi nne za mkopo mwaka ule alikuwa na wadai wanne na hana mgeni hata mmoja.

Kwa rai yangu, familia ya Karatu inatosheka na kadi mbili. Ya kwanza ni ya akaunti ya kila siku, katika benki yenye tawi mjini hapo, ili mama asisafiri hadi Arusha kadi ikimezwa na mashine. Ya pili ni ya kujazwa fedha kabla, kwa safari na ununuzi wa intaneti, isiyobeba zaidi ya kilichowekwa. Anayenuia umra aweke humo kidogo kidogo msimu wa wageni. Kama anataka maili, achague shirika moja analolipanda kweli kweli kutoka Kilimanjaro, tuseme Ethiopian kupitia Addis Ababa. Pointi zilizotawanywa katika mipango mitano hazifikii tiketi, na nyingi zina tarehe ya kufa. Mwenye haja ya kweli ya kukopeshwa aanze kwa wanaofanya muamala bila riba: Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, au madirisha ya Kiislamu kama Sahl ya KCB, lililofunguliwa mwaka 2008, na Al Barakah ya CRDB, mwaka 2021. Hata huko, ausome mkataba na aulize adhabu ya kuchelewa inakwenda wapi. Jina la Kiarabu mlangoni halitoshi.

Limebaki la nyumbani. Deni la kadi ni deni kama deni jingine. Mtu akifa hulipwa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Wajane wengi hujua idadi ya mbuzi wa marehemu na hawajui idadi ya kadi zake. Andikeni katika daftari: benki gani, kadi ipi, inadai kiasi gani. Na anayeamua kuiacha kadi ya mkopo amalize deni, kisha aende benki na barua ya kuifunga, arudi na nakala iliyogongwa muhuri. Kuikata kwa mkasi hakusimamishi ada ya mwaka.