Askari Asiyerudi Kambini: Madhara ya Utoro Jeshini na Wajibu Wetu Tunaokaa Mpakani

Ndugu wananchi wa Rubavu, pamoja nanyi majirani mnaovuka kila siku kwa biashara na kwa kutembeleana,

Katika mikutano ya usalama tunayofanya nanyi kwenye vijiji vya mpakani, kuna swali ambalo haliulizwi mbele ya watu. Huulizwa mkutano ukishakwisha, viti vikianza kukusanywa. Mzee au mama hutusogelea na kusema kwa sauti ya chini: "Afande, askari akipitisha likizo yake siku chache tu, hilo nalo ni kosa?" Ni nadra muulizaji kusema kwamba askari huyo ni mwanawe, nasi hatumlazimishi aseme. Makala haya tumeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila nyumba inayoweza kujikuta na swali hilo.

Tuseme tangu mwanzo kwamba Polisi haihukumu wanajeshi. Mambo yao yana mkondo wake: kamanda wa kikosi, polisi wa kijeshi, mwendesha mashtaka wa kijeshi, kisha Mahakama ya Kijeshi na, kwa rufaa, Mahakama Kuu ya Kijeshi. Lakini mtoro hajifichi kambini. Hujificha kijijini, katika chumba cha nyuma cha mjomba au shambani kwa shemeji, na hapo ndipo jambo lake linapogeuka kuwa letu sote.

Kukosa kazini na kutoroka

Katika Rwanda hakuna anayeingizwa jeshini kwa nguvu. Kijana hujiunga kwa hiari yake na kula kiapo mbele ya bendera ya taifa. Tangu siku hiyo, kutoka kambini kunahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo ina siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Siku ya kurudi ikipita bila taarifa, askari yuko nje ya kazi bila ruhusa, hata kama amekaa nyumbani kwao akiwalea wadogo zake.

Sheria za kijeshi za nchi nyingi hutenganisha makosa mawili. La kwanza ni kukosa kazini bila ruhusa. La pili, lililo zito zaidi, ni kutoroka jeshi, yaani kuondoka au kubaki nje kwa nia ya kutorudi. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012, kwa mfano, inayataja makosa haya kila moja katika kifungu chake. Kosa la kwanza likiwa dogo, mara nyingi humalizwa kwa adhabu za nidhamu ndani ya kikosi, kama vile kukatwa mshahara, kuwekwa mahabusu kwa muda au kushushwa cheo. La pili humpeleka mtu mahakamani, na mwisho wake unaweza kuwa kifungo na kufukuzwa jeshini.

Nia ya mtu haionekani kwa macho. Hupimwa kwa matendo yake. Askari aliyeficha au kuuza sare, aliyejipa jina jingine, aliyepata ajira mahali pengine, au aliyevuka mpaka kwa siri, anaandika ushahidi dhidi yake kwa mkono wake mwenyewe. Akiwa ameondoka na bunduki, au ameondoka wakati wenzake wako katika operesheni, au amewashawishi wengine waondoke pamoja naye, uzito wa kosa huongezeka sana.

Jinsi siku tatu zinavyogeuka miezi mitatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana kutoka Busasamana amekuja likizo na kumkuta mama yake mgonjwa. Siku ya kurudi inafika, mama amelazwa hospitalini, naye anaamua kubaki kidogo. Siku hiyo, simu moja kwa kamanda wake pamoja na karatasi ya daktari ingeweza kumwombea nyongeza ya siku. Hapigi. Siku ya tatu anaogopa kupiga. Siku ya kumi anaona haya. Mwezi ukiisha, ameizima simu yake na kulala nyumba hii leo na ile kesho. Mama amekwisha pona, lakini kijana sasa anabeba magunia usiku kwenye njia za panya, kwa sababu mahali penye watu wengi anaweza kutambuliwa.

Kijana huyu hakupanga kutoroka. Hata hivyo, atakayesoma mwenendo wake wa miezi hiyo atasoma habari za mtoro. Ugonjwa wa mama ungeweza kuwa udhuru. Ukimya haukuwa udhuru. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wenyewe hapa ulikuwa simu moja isiyopigwa.

Hasara nayo haibaki kwake peke yake. Mshahara ukisimama, deni alilochukua Zigama CSS halisimami pamoja nao. Bima ya afya ya MMI, inayowatibu mke na watoto wa askari, inatokana na utumishi wake. Utumishi ukikatika, siku mtoto atakapougua mama yake atalazimika kutafuta njia nyingine. Na huyo baba aliyesema anabaki nyumbani kwa ajili ya familia, mwishowe hawezi hata kuisindikiza familia hiyo sokoni.

Mpaka hauoshi kosa

Wapo wanaodhani kwamba ukivuka mpaka umeacha kosa lako nyuma. Hapa kwetu dhana hiyo ni ya hatari kuliko mahali pengine, maana Gisenyi na Goma ni miji iliyogusana, na mahali pengi mpaka ni njia tu kati ya nyumba na nyumba. Askari anayeupita usiku akiwa na silaha hajulikani kama ni mtoro, jasusi au mshambuliaji. Tarehe 16 Januari 2024, kama lilivyotangaza Jeshi la Ulinzi la Rwanda, askari watatu wa jeshi la Kongo waliingia Rubavu usiku. Wawili walikamatwa na mmoja aliuawa baada ya kufyatulia risasi doria. Mwananchi anayemwongoza mtu wa namna hiyo gizani, hata kwa huruma au kwa malipo kidogo, anaiweka roho yake mwenyewe katikati ya risasi.

Njia ya mchana ipo, nanyi mmeiona kwa macho yenu. Mwezi Machi 2013, wapiganaji zaidi ya 600 wa kundi mojawapo la M23 walivuka kuingia nchini, wakanyang'anywa silaha na kuwekwa kwanza Nkamira, hapa wilayani kwetu, kabla ya kuhamishiwa Ngoma, mbali na mpaka. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini Goma, askari wa Kongo zaidi ya mia moja walijisalimisha upande wetu na kukabidhi bunduki zao. Hao walikuwa katika hali ya vita, na habari yao si sawa na ya kijana aliyepitisha likizo. Lakini utaratibu uliotumika ni ule ule ambao sheria ya kimataifa inautaka: silaha kwanza, kisha kutenganishwa na raia, na kuwekwa mbali na uwanja wa vita.

Kwa sababu hiyo, mtu hawezi kuwa askari na mkimbizi kwa wakati mmoja. Kambi ya wakimbizi ni mahali pa raia. Anayetaka hifadhi lazima kwanza aweke silaha chini na kuacha kabisa shughuli za kijeshi, ndipo ombi lake lisikilizwe na mamlaka husika. Kama atarudishwa kwao au hatarudishwa, hilo si jambo la kuamuliwa na mwanakijiji wala na mwenye nyumba ya kulala wageni.

Tunafahamu kwamba hofu ya watu hawa haikosi sababu. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007. Ng'ambo ya mpaka adhabu hiyo ipo, na mwezi Machi 2024 serikali ya Kongo iliondoa zuio la kuitekeleza lililokuwapo tangu 2003. Julai ya mwaka huo huo, mahakama ya kijeshi huko Kivu Kaskazini iliwahukumu kifo askari 25 kwa kumkimbia adui na kwa makosa mengine. Wake wanne wa askari hao walisimamishwa mbele ya mahakama hiyo hiyo, kisha wakaachiliwa. Tunalitaja hili si kwa kuihukumu nchi jirani, bali kwa ajili ya wanawake hao wanne. Hawakuwa askari, wala hawakuikimbia vita, lakini kosa la waume zao liliwafikisha kizimbani.

Anayelikimbia kundi la waasi

Kuna mtu wa tatu ambaye hatupendi achanganywe na hao wawili. Ni yule anayetoroka kundi lenye silaha msituni, awe alijiunga mwenyewe au alichukuliwa kwa nguvu. Mbele ya sheria yetu, kuliacha kundi hilo si utoro. Ni kurudi nyumbani. Kwa ajili yake ipo Tume ya Rwanda ya Kuwapokonya Silaha na Kuwarejesha Wapiganaji katika Maisha ya Kiraia, iliyoanzishwa mwaka 1997, pamoja na kituo chake cha Mutobo, Musanze, ambako maelfu wamefundishwa na kuandaliwa kabla ya kurudi vijijini mwao. Kama una ndugu msituni naye anakutumia salamu kwa siri, mwambie njia hii ipo. Asije usiku. Aje mchana, mikono ikionekana, katika kituo rasmi.

Tufanye nini?

Kwanza, mzazi au mke anayemwona askari amepitisha siku ya kurudi asimfunike. Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inayohusu makosa na adhabu, inamhesabu kuwa mshiriki pia mtu anayemficha mkosaji au kumsaidia kujificha, na vilevile anayeficha kwa makusudi kitu kilichotumika katika kosa. Mwite kijana wako, umketishe, umwambie ampigie kamanda wake siku hiyo hiyo. Akiogopa kwenda peke yake, msindikize. Anayerudi kwa miguu yake mwenyewe ana maneno ya kujitetea ambayo aliyekamatwa chini ya kitanda hana.

Pili, usipokee silaha, risasi wala sare, hata ukiambiwa ni za kuwekwa usiku mmoja. Silaha zina sheria yake, ya mwaka 2018, na mwenye nyumba zinamokutwa ndiye wa kwanza kuulizwa.

Tatu, ukimwona mgeni mwenye dalili za askari, usimkabili, usimpekue, wala usimpige. Mjulishe mkuu wa isibo au wa umudugudu, au piga simu ya Polisi namba 112 bila malipo. Eleza ulichokiona, mahali na saa; hukumu waachie wanaohusika.

Nne, tusimwite mtoro kila kijana anayeonekana nyumbani. Wengine wako likizo halali, wengine wamemaliza mkataba, wengine wamestaafu kwa ugonjwa. Uvumi unaweza kumharibia mtu jina, na jina likichafuka kijijini halisafishwi kwa barua.

Kwa yule mzee au mama anayetungoja mwishoni mwa mkutano, jibu letu ni hili. Ndiyo, siku chache nazo ni kosa, lakini ni kosa ambalo leo bado lina mlango wa kutokea. Kila usiku unaopita mlango huo huwa mwembamba zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Njoo tuzungumze kungali mapema. Tutakusikiliza, na tutakuonyesha pa kwenda.