MASHINE RAHISI: MZIGO, JITIHADA NA MASAFA

Barabara itokayo Karatu hupanda kwa kuzunguka hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Njia zishukazo hadi sakafu ya kreta, takriban mita 600 chini ya ukingo, nazo hazikuchongwa wima. Sababu yake ni kanuni ya mwinamo, ambao ni mojawapo ya mashine rahisi, pamoja na wenzo na kapi. Njia ipandayo mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo humfikisha msafiri kimo cha mita 600 kwa kilomita 6. Nguvu hupungua, masafa huongezeka.

Manufaa ya kimakanika hupatikana kwa kugawanya mzigo kwa jitihada. Mathalan, gunia la vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, lenye kilo 100, lina uzito wa takriban nyutoni 1,000. Likisukumwa juu ya ubao wa mita 4 hadi kwenye gari lenye kimo cha mita 1, kwa jitihada ya nyutoni 500, manufaa ni 2. Uwiano wa mwendo, yaani urefu wa ubao kugawanywa kwa kimo, ni 4. Tofauti hiyo huletwa na msuguano. Hivyo ufanisi ni 2 kwa 4, sawa na asilimia 50.

Ieleweke kwamba mashine haipunguzi kazi, bali hupunguza nguvu inayohitajika kwa wakati mmoja. Wasimamizi wa bohari na wananchi wanaopakia mizigo wanakumbushwa kutumia ubao mrefu na imara. Mgongo wa mchukuzi haununuliwi dukani.