Lushoto inajenga pumzi, hasira je?

Basi la timu likishaiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kona za Soni, wachezaji waliotoka Dar es Salaam huanza kuulizana nani kabeba koti. Julai huku Usambara si mchezo. Ukungu unashuka asubuhi, mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kijana aliyezoea joto la Kariakoo akikimbizwa mlimani dakika kumi tu anajua kifua chake kina nini.

Simba walipanda huku Julai 2015, wakiwa na kocha Muingereza Dylan Kerr. Sababu zilikuwa zilezile zinazozipeleka timu nyingi kwenye kambi za mbali: hewa nzuri, vilima vya kukimbilia, utulivu, na umbali na makelele ya mjini. Makocha wanapenda sana neno nidhamu wakizungumzia kambi za namna hii. Wachezaji wanalala mapema, wanaamka mapema, wanakula kwa wakati.

Lakini hiyo ni nidhamu ya ratiba. Ile ya dakika ya 85, umefungwa, umepigwa kiwiko na refa hajaona, ni kitu kingine kabisa. Hiyo haiji kwa kukimbia vilima.

Mfano uko karibu, na mashabiki wa mkoa wa Tanga wanamjua vizuri mhusika. Juma Nyosso, beki wa kati mwenye mwili na roho ya kazi, alivaa jezi ya Coastal Union msimu wa 2013/14 baada ya kupita Simba. Kwa uwezo hakuna aliyemtilia shaka. Mshambuliaji aliyekutana naye alijua siku hiyo hakuna kulala.

Januari 2015, akiwa Mbeya City, alimdhalilisha mshambuliaji wa Simba, Elias Maguri, kwa kumshika makalio wakati mpira ukiendelea. Akafungiwa mechi nane. Watu wakasema amejifunza. Septemba mwaka huohuo, Mbeya City wakicheza na Azam pale Chamazi, akamfanyia kitendo kilekile nahodha wa Azam, John Bocco. Picha zilizagaa mitandaoni kabla hata mashabiki hawajafika nyumbani. Safari hii rungu lilikuwa zito: miaka miwili nje ya soka na faini ya Sh2 milioni.

Miaka miwili kwa mchezaji ni mingi jamani. Kazi yenyewe ina miaka kumi, ukibahatika kumi na mitano.

Alirudi akiwa na Kagera Sugar. Januari 22, 2018, Kagera wakafungwa 2-0 na Simba kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Mechi imekwisha, watu wanatoka, Nyosso akampiga shabiki wa Simba. Maelezo ya wakati ule yalikuwa kwamba shabiki huyo alikuwa akimzomea na kumpulizia vuvuzela. Shabiki akaanguka, polisi wakamchukua Nyosso.

ADHABU YA MUDA NA PESA

Ukiziangalia adhabu zile za 2015 unakuta vitu viwili tu: muda na pesa. Mechi nane, kisha miaka miwili, na faini juu yake. Kamati ya Saa 72 na wenzao wa Kamati ya Nidhamu ya TFF wana kazi yao na lazima waifanye. Udhalilishaji ule haukuwa wa kuchekewa hata kidogo. Ila muda peke yake haumfundishi mtu afanye nini siku akichokozwa tena. Unamweka nje, unamrudisha, na mchokozi anamsubiri palepale getini.

Wenzetu walishapita huko. Januari 25, 1995, Eric Cantona wa Manchester United alitolewa kwa kadi nyekundu Selhurst Park, na akiwa anatoka akamrukia teke shabiki wa Crystal Palace aliyekuwa akimtukana. Alifungiwa hadi mwisho wa Septemba, karibu miezi minane. Lakini mahakama nayo ilimpa saa 120 za kuitumikia jamii, akazimaliza kwa kuwafundisha watoto mpira. Alipotaka kuondoka England, kocha Alex Ferguson alimfuata Paris kuzungumza naye. Alirudi Oktoba 1, 1995 dhidi ya Liverpool, akafunga kwa penalti, na msimu huo United wakachukua ligi na Kombe la FA. Faini alilipa na kifungo alitumikia kama wengine, ila yeye alipewa pia kazi ya kufanya na mtu wa kumsikiliza.

Sheria ya 12 nayo haina huruma na wenye hasira, na wachezaji wetu wengi wanaijua nusunusu. Ukirusha ngumi ikapita hewani, kosa ni lilelile la kufanya vurugu, kadi nyekundu. Na kuchokozwa hakukuokoi. Zinedine Zidane alichokozwa kwa maneno na Marco Materazzi kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2006, akampiga kichwa, akatoka, na Italia wakabeba kombe kwa penalti. FIFA ilimfungia Materazzi mechi mbili kwa mdomo wake na Zidane mechi tatu. Huku kwetu mchokozi mara nyingi anatembea salama. Akiwa shabiki ndiyo kabisa, maana hana namba mgongoni.

Na gharama hailipwi na mmoja. Machi 2012 wachezaji wa Yanga walimvamia refa Israel Nkongo kwenye mechi na Azam. Stephano Mwasika akafungiwa mwaka mzima, wenzake nao wakaadhibiwa. Yanga walimaliza msimu nafasi ya tatu, nyuma ya Simba na Azam, bila tiketi ya mashindano ya Afrika.

JIRANI ALIYESAHAULIKA

Sasa kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu Lushoto. Mji huu wa kambi ndio huohuo wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakofundishwa watu wa kwenda kufanya kazi mahakamani. Timu inaweza kukaa wiki mbili jirani na watu wanaosoma sheria kutwa nzima, ikashuka Mombo na wachezaji wasiojua kamati inaweza kumfungia mtu hata kama refa hakuona.

Kambi ina jioni nyingi. Baada ya chakula watu wanacheza karata, wanachati, wanalala. Jioni moja refa mstaafu angeweza kupanda akawapitisha kwenye Sheria ya 12 na picha za matukio yenyewe. Jioni nyingine akaja mtu wa saikolojia, akae na wale wanne watano ambao kila mtu kwenye timu anawajua. Gharama yake haifiki hata bei ya viatu vya mchezaji mmoja wa kigeni.

Oktoba 26, 2020, Simba walikutana na Ruvu Shooting Uwanja wa Uhuru. Beki wa Ruvu alikuwa Juma Nyosso. Wengi walijua ngumi ikirushwa itatoka upande gani. Ilitoka kwa Bernard Morrison wa Simba, na aliyepigwa ni Nyosso. Ruvu walishinda 1-0, Morrison akafungiwa mechi tatu.