Pistole ya rangi kwa kazi ya ngozi: anza na hewa

Leo tunazungumza na mafundi wa ngozi: wewe unayeshona viatu, mikanda na mikoba katika kambi ya Kinama kule Gasorwe, na wewe unayepeleka kazi yako kwenye masoko ya Muyinga na Gitega.

Swali letu ni hili. Kikundi kimeweka akiba, na mnataka kununua pistole ndogo ya kupulizia rangi kwenye ngozi. Mchague ipi? Tunasema ile ndogo inayoshikwa kama kalamu, ambayo wengine huiita brashi ya hewa. Hatusemi ile kubwa ya kupaka magari.

Wengi huanza kwa kuitazama pistole yenyewe: inang'aa, bei yake ni nafuu, muuzaji anaisifu. Wewe anza na hewa. Pistole isiyo na hewa ya kutosha haitoi rangi sawasawa, na faranga za wanachama wote zitakuwa zimelala ndani ya kipande cha chuma.

Kwanza: je, mnaihitaji kweli?

Mkanda mweusi wa rangi moja hauhitaji pistole. Sponji au kitambaa laini kitaupaka vizuri. Pistole inasaidia pale ambapo sponji inashindwa: kufifisha rangi kutoka kahawia nzito pembeni hadi nyepesi katikati, kupuliza ua au herufi kupitia karatasi iliyokatwa, au kukipa kiatu cha zamani rangi mpya bila michirizi ya mkono. Kama wateja wenu hawaombi kazi hizo, akiba itumieni kwanza kununua ngozi, uzi na gundi.

Pili: rangi gani, kwa ngozi gani?

Weka tone la maji juu ya ngozi na usubiri kidogo. Likinywewa na kuacha doa la giza, ngozi hiyo iko wazi na itakunywa rangi ya maji au ya spiriti. Likibaki juu kama umande kwenye jani la mgomba, ngozi hiyo imeshapakwa kitu kiwandani. Itabidi uufute kwanza ule mng'ao, halafu utumie rangi ya akriliki iliyotengenezwa kwa ngozi, ambayo hukaa juu na kukunjika bila kupasuka.

Jambo hili linaamua ukubwa wa tundu la pistole. Rangi ya maji na ya spiriti ni nyepesi, hupita kwenye tundu la milimita 0.3. Akriliki ni nzito, inataka tundu la milimita 0.5. Tundu la milimita 0.2 ni la michoro midogo sana, na rangi ya ngozi huliziba upesi. Kama ni pistole moja tu kwa kikundi kizima, 0.5 ndiyo itakayofanya kazi nyingi.

Tatu: hewa itatoka wapi?

Pistole ndogo hutumia takribani lita 10 hadi 20 za hewa kwa dakika, kwa presha ya baa 1 hadi 2. Saa nyingine za presha zimeandikwa psi. Baa 1 ni sawa na psi 14 na nusu.

Mafundi wengine hutumia hewa ya tairi. Tupige hesabu. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita kama 30. Ukilijaza hadi baa 2, ukapuliza mpaka ibaki baa 1, umepata lita kama 30 za hewa. Kwa pistole inayotumia lita 15 kwa dakika, hizo ni dakika 2. Zinatosha kwa mazoezi au kwa kipande kimoja kidogo, lakini hazitoshi kwa oda ya mikoba kumi. Na tairi liwe juu ya rimu yake, wala lisijazwe kupita presha iliyoandikwa ubavuni.

Kompresa ndogo ya umeme yenye tangi ndiyo inayofaa kwa kazi ya kila siku. Nyingi za pistole ndogo hula wati 100 hadi 200. Sola ya kuwasha taa na kuchaji simu haiwezi kuiendesha. Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuteni mahali penye umeme wa kweli: karakana ya pamoja, au chumba cha kukodi mjini siku ya kazi. Angalieni pia maandishi nyuma ya mashine. Umeme wa Burundi ni volti 220. Kompresa iliyoandikwa volti 110 tu itaungua.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji hatakwambia. Gitega na Muyinga ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Kompresa iliyoandikwa lita 20 kwa dakika, ihesabu kama 16. Ndiyo maana ni vizuri kununua yenye akiba kidogo ya nguvu.

Viko pia vikompresa vya betri vinavyochajiwa kama simu. Vinafaa kwa rangi nyepesi na kazi fupi. Akriliki nzito huvishinda.

Msisahau kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa. Msimu wa mvua hewa hubeba unyevu mwingi, na tone moja la maji likirushwa juu ya ngozi huacha doa lisilotoka.

Nne: sasa chagua pistole

Ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza, ukibonyeza, hewa na rangi hutoka pamoja. Ni rahisi kujifunza na ina vipande vichache, lakini mistari yake si myembamba. Ya pili, kitufe ukikibonyeza chini hutoa hewa, na ukikivuta nyuma hutoa rangi. Hii inataka mazoezi ya wiki kadhaa, ila ndiyo inayofifisha rangi vizuri.

Tazama pia rangi inakaa wapi. Yenye kikombe juu hushusha rangi kwa uzito wake, hivyo hufanya kazi kwa presha ndogo na haipotezi rangi. Yenye chupa chini hubeba rangi nyingi, na kubadilisha rangi ni kubadilisha chupa tu, lakini inadai presha kubwa zaidi. Kwa mahali ambapo hewa ni ya shida, chukueni yenye kikombe juu.

Kama mtatumia rangi ya spiriti, ulizeni kuhusu mipira midogo ya ndani inayozuia kuvuja. Ile ya mpira wa kawaida huvimba na kuharibika kwa spiriti. Inayodumu ni ile myeupe ya teflon.

Tano: dukani

Beba maji safi na kipande cha ngozi. Chomoa sindano, izungushe juu ya kioo au meza laini, ikiyumba, imepinda. Tia maji, puliza. Maji yatoke kama ukungu, bila kutema matone. Ukiona mapovu ndani ya kikombe, kuna mahali panapovuja au ncha imepasuka. Nunua siku hiyo hiyo sindano na ncha ya akiba, kwa sababu ndizo zinazoharibika kwanza. Dai risiti yenye jina la kikundi. Na kama unasafiri kutoka kambini, ruhusa yako ya kutoka iwe mfukoni. Ukiulizwa njiani umebeba nini, sema ni kifaa cha kupulizia rangi. Neno pistole peke yake laweza kukuletea maswali marefu.

Mwisho, na hili lisikilizeni wote nyumbani

Rangi ya spiriti hutoa mvuke unaoshika moto hata katika joto la kawaida. Usipulize ndani ya nyumba ya turubai, wala karibu na jiko la makaa, mshumaa, sigara au jenereta. Nyumba za kambini zimesogeleana. Moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, upepo ukitoka nyuma yako, na watoto wawe mbali.

Kamwe usitumie oksijeni ya fundi wa kuchomelea, wala gesi ya kupikia, badala ya hewa. Oksijeni ikikutana na mafuta au spiriti inaweza kulipuka.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayotakiwa ni ile yenye vichujio vya mkaa, na bei yake iingizeni kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama akiba inatosha pistole au barakoa, lakini si vyote viwili, subirini mwezi mwingine. Au anzeni na rangi ya maji, ambayo haishiki moto, na hata hiyo mfanye kazi nje mkiwa mmefunika pua na mdomo.

Tukumbushane kwa ufupi. Uliza wateja wanataka nini. Jaribu ngozi kwa tone la maji. Hakikisha hewa na umeme. Halafu ndipo uchague tundu na kikombe. Ukimaliza kazi, safisha pistole siku hiyo hiyo. Rangi ikikaukia ndani, kesho hutapuliza kitu.

Ikateni karatasi hii pale kwenye orodha ya dukani, mpeni mwenzenu atakayetumwa Gitega. Kazi njema, mafundi.